Hita ya gesi: Usalama wake huanzia kwenye hewa, si kwenye moto

Na MWANDISHI WETU

MSIMU wa baridi unapoingia mwezi Juni na kukolea Julai, wakazi wa Limuru, Kinangop, Nyahururu na sehemu nyingine za nyanda za juu hukabiliwa na swali lile lile la kila mwaka: watapataje joto usiku bila kuhatarisha maisha yao?

Kwa wengi, jibu limekuwa jiko la makaa. Jiko huwashwa nje hadi moshi uishe, kisha huingizwa chumbani, mlango na madirisha yakafungwa, na familia ikalala. Karibu kila msimu wa baridi, magazeti huripoti visa vya watu waliolala hivyo wasiamke.

Kadiri mitungi ya gesi ya kupikia inavyozidi kuenea mijini na vijijini, baadhi ya familia zimeanza kugeukia hita ya gesi. Wafugaji wa kuku nao huitumia kuwapasha joto vifaranga, na mafundi wa jua kali wanajaribu kuiunda au kuirekebisha ile iliyoagizwa kutoka ng'ambo.

Hata hivyo, gesi haiwi salama kwa sababu tu haitoi moshi unaoonekana. Hita iliyobuniwa vibaya, au iliyobuniwa vyema kisha ikachokorwa na fundi asiyeelewa kazi yake, inaweza kuua kama jiko la makaa.

Wengi hudhani kwamba jambo la kwanza katika kubuni hita ni moto wenyewe. La hasha. Jambo la kwanza ni hewa. Mbunifu anayejua kazi yake hujiuliza maswali matatu kabla ya kugusa chuma: Hewa ya kuchomea gesi itatoka wapi? Mabaki ya mwako yatakwenda wapi? Na je, moto ukizimika ghafla, gesi itafanya nini?

Muuaji asiye na harufu

Ili kuelewa maswali hayo, ni vyema kwanza kumfahamu adui mwenyewe.

Makaa, kuni, mafuta ya taa na gesi vyote vina kaboni. Kaboni ikipata oksijeni ya kutosha, huungua na kuwa kaboni dioksidi, gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua. Oksijeni ikipungua, mwako haukamiliki na hutokea gesi nyingine, kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha.

Gesi hiyo ikiingia mapafuni hujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Hushikamana nayo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kwamba hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 10 za kaboni monoksidi kwa kila mita moja ya ujazo katika muda wa saa nane. Hicho ni kiasi cha sehemu tisa hivi katika milioni moja. Ikifika sehemu 1,600 katika milioni, ambazo ni chini ya moja ya tano ya asilimia moja, mtu huanza kuumwa na kichwa na kupata kizunguzungu kwa muda wa dakika 20 hivi. Akiendelea kuivuta kwa saa moja au mbili, anaweza kufariki.

Aliye macho huenda akahisi kichwa kikimuuma akatoka nje. Aliyelala hana nafasi hiyo. Ndiyo maana chumba cha kulala ni mahali pa hatari kuliko sebule.

Jiko la makaa huzalisha gesi hiyo kwa wingi hata linapoonekana jekundu na safi. Hita nzuri ya gesi huzalisha kidogo mno, mradi ipate hewa ya kutosha. Sharti hilo la mwisho ndilo msingi wa kila kitu.

Kilo moja ya gesi, kilo 15 za hewa

Gesi ya mtungini ni mchanganyiko wa propeni na byuteni, zilizogandamizwa hadi zikawa kiowevu. Kilo moja ya gesi hiyo hutoa joto la takriban kilowati-saa 12.8. Lakini ili iungue kikamilifu, huhitaji zaidi ya kilo 15 za hewa, ambazo katika usawa wa bahari hujaza takriban mita 13 za ujazo.

Mwako huo huacha takriban kilo tatu za kaboni dioksidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji katika umbo la mvuke. Ndiyo sababu madirisha ya nyumba yenye hita isiyo na bomba la moshi hulowa asubuhi, na kuta zake huota ukungu.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu na upana wa mita nne, na kimo cha mita mbili na nusu. Ndani yake mna mita 40 za ujazo za hewa. Tuseme kimo mahali palipo mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake inawaka hita ya kilowati 2.3 inayotumia gramu 180 za gesi kwa saa.

Iwapo chumba hicho kingezibwa kabisa, oksijeni ingeshuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi asilimia 18 kwa muda wa saa mbili hivi. Oksijeni ikipungua kiasi hicho, moto huanza kuungua vibaya na kutoa kaboni monoksidi. Moto uliokuwa safi saa mbili usiku unaweza kuwa muuaji saa nne, bila mtu yeyote kuugusa.

Kwa kweli hakuna nyumba iliyozibwa kabisa. Upepo hupenya chini ya mlango na kati ya mabati na ukuta. Tatizo ni kwamba usiku wa baridi kali ndio usiku ambao watu huziba nyufa hizo kwa matambara na magunia. Hita isiyo na bomba la moshi na nyumba iliyozibwa ni mambo mawili yasiyopatana.

Siri ya mwali wa samawati

Kitovu cha hita ni kichomeo. Namna ya kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuwasha ilipata umaarufu mwaka wa 1855, wakati mwanakemia Robert Bunsen wa Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani alipoanza kutumia kichomeo kilichotengenezwa na fundi wake, Peter Desaga. Kanuni hiyo ingali inatumika katika majiko na hita zetu.

Gesi hutoka kwa kasi kupitia kitundu chembamba sana. Kasi hiyo huvuta hewa kupitia matundu yaliyo kando, kisha viwili hivyo huchanganyika ndani ya bomba fupi kabla ya kufika penye moto. Mchanganyiko ukiwa sawa, mwali huwa wa samawati na mtulivu. Hewa ikipungua, mwali huwa wa manjano, hurefuka, na kuacha masizi.

Kwa hivyo, ukubwa wa kitundu hicho si jambo la kubahatisha. Hupimwa kulingana na aina ya gesi, shinikizo lake na kiasi cha joto kinachotakiwa. Kukipanua kwa msumari au keekee ili moto uwe mkubwa ni kuongeza gesi bila kuongeza hewa. Matokeo yake ni moto wa manjano na kaboni monoksidi.

Adui mwingine wa kichomeo ni mdogo na haonekani: buibui. Hita ikikaa kabatini tangu Septemba hadi Juni, buibui huweza kutanda utando ndani ya bomba la kuchanganyia hewa, na vumbi likaziba matundu. Mbunifu makini huweka wavu mwembamba penye matundu hayo, na huunda kichomeo kwa namna ambayo mwenye nyumba anaweza kukifungua na kukisafisha kabla ya msimu kuanza.

Tatizo la nyanda za juu

Hapa ndipo wakazi wa nyanda zetu za juu wanapopaswa kuwa waangalifu zaidi. Hita nyingi zinazouzwa nchini hubuniwa katika mataifa ambako watu wengi huishi karibu na usawa wa bahari. Baridi yetu, kinyume chake, iko milimani.

Katika mwinuko wa mita 2,300, hewa ina takriban robo tatu tu ya uzito iliyo nao Mombasa. Kila pumzi, na kila mvuto wa kichomeo, huleta oksijeni kidogo zaidi. Hita iliyopimwa pwani ikiwashwa Kinangop itapata gesi nyingi kuliko hewa iliyopo.

Nchini Marekani, mafundi hufuata kanuni rahisi. Mahali panapozidi futi 2,000, nguvu ya kifaa hupunguzwa kwa asilimia nne kwa kila futi 1,000, ambazo ni kama mita 300, kuanzia usawa wa bahari. Kwa kanuni hiyo, hita iliyoandikwa kilowati 4.2 inapaswa kurekebishwa hadi kilowati 2.9 hivi katika mwinuko wa mita 2,300. Marekebisho hayo hufanywa kwa kuweka kitundu chembamba zaidi, wala si kipana.

Kwa bahati mbaya, mara nyingi hutendeka kinyume. Mteja hulalamika kwamba hita yake haina joto la kutosha, fundi akapanua kitundu, moto ukawa mkubwa, na wote wawili wakaridhika. Hakuna anayejua kwamba wameigeuza hita kuwa jiko la makaa.

Baridi ya milimani huathiri hata mtungi. Byuteni huacha kugeuka mvuke inapokaribia nyuzi sifuri za Selsiasi, ilhali propeni huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wenye byuteni nyingi ukikaa nje usiku wa sakitu, shinikizo lake hushuka na moto huwa dhaifu. Hapo wapo wanaosogeza mtungi karibu na moto ili upate joto. Hilo ni kosa kubwa ambalo linaweza kusababisha mlipuko. Dawa yake ni gesi yenye propeni zaidi, au mtungi mkubwa zaidi, ambao haupoi haraka gesi inapotoka.

Walinzi watatu ndani ya hita

Swali la tatu la mbunifu lilikuwa: moto ukizimika, gesi itafanya nini? Jibu linapaswa kuwa moja tu: isitoke.

Mlinzi wa kwanza ni kifaa kidogo kinachoitwa themokapo. Ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha moja, na ncha hiyo huwekwa ndani ya mwali. Mnamo 1821, mwanafizikia Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba maungio ya metali mbili yakipata joto tofauti, nguvu ya umeme hujitokeza. Katika hita, umeme huo ni haba, takriban milivolti 30, lakini unatosha kushikilia sumaku inayoiacha valvu ya gesi wazi.

Upepo ukiuzima moto, ncha hupoa, umeme hukatika, sumaku huachilia, na springi huifunga valvu. Yote hayo hutendeka kwa muda usiozidi dakika moja, bila betri wala stima. Ndiyo sababu unapowasha hita hulazimika kubonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa: unamngojea mlinzi huyo apate joto.

Mlinzi wa pili hutumia themokapo hiyo hiyo kwa werevu zaidi. Ni mwali mdogo uliopimwa kwa uangalifu mkubwa, uitwao mwali kiongozi. Oksijeni ikiwa ya kawaida, mwali huo hulenga moja kwa moja kwenye ncha ya themokapo. Oksijeni ikipungua, mwali hurefuka na kuinuka kana kwamba unaitafuta hewa, ukaiacha ncha hiyo. Ncha hupoa na gesi hukatika. Viwango vya Marekani kuhusu hita za nyumbani zisizo na bomba la moshi huhitaji gesi iwe imekatika kabla oksijeni haijashuka chini ya asilimia 18.

Lakini mlinzi huyo ana udhaifu wake. Hawezi kutofautisha kati ya chumba kilichoishiwa na hewa na mahali ambapo hewa yenyewe ni nyepesi. Baadhi ya hita za aina hii hujizima zenyewe mahali panapozidi mita 2,100. Limuru, Nyahururu na Kinangop zote huzidi kimo hicho.

Mnunuzi hudhani kwamba ameuziwa kifaa kibovu. Humwita fundi, na fundi, kwa nia njema, huufunga mfumo huo au kuusogeza ili hita isizimike tena. Kuanzia siku hiyo, hita hiyo haina mlinzi. Itaendelea kuwaka hadi hewa imalizike.

Msomaji azingatie jambo hili: hita inayojizima mara kwa mara haijaharibika. Inakueleza ama kwamba chumba hakina hewa ya kutosha, ama kwamba haikubuniwa kwa mwinuko huo. Katika hali zote mbili, dawa si kumnyamazisha mlinzi, bali ni kufungua dirisha, au kutafuta hita iliyoidhinishwa kwa mwinuko wa mahali.

Mlinzi wa tatu ni swichi inayokata gesi hita ikipinduka au kusukumwa na mtoto. Pamoja nayo huwekwa wavu wa chuma mbele ya moto, wenye nafasi ndogo kiasi kwamba kidole cha mtoto au ncha ya blanketi haiwezi kupenya.

Funzo kutoka Texas

Kuna mlinzi mwingine ambaye hakai ndani ya hita bali ndani ya gesi yenyewe: harufu. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Ule uvundo tunaoufahamu hutokana na kemikali iliyoongezwa kwa makusudi.

Desturi hiyo ilienea baada ya mkasa mkubwa. Machi 18, 1937, shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ililipuka na kuua takriban watu 300, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wasimamizi walikuwa wameachana na mpango wa kutumia tanuri moja la mvuke, badala yake wakaweka hita 72 za gesi kote shuleni. Gesi ilivuja na kujaa chini ya sakafu. Kwa kuwa haikuwa na harufu, hakuna aliyeitambua hadi cheche ilipoiwasha. Baadaye, Texas ilipitisha sheria ya kutaka gesi itiwe harufu.

Gesi yetu ya mtungini ina hatari yake ya ziada. Ni nzito kuliko hewa: propeni ni nzito mara moja na nusu, na byuteni mara mbili. Ikivuja haipandi darini, bali hutiririka sakafuni kama maji na kutuama chini ya kitanda. Lita moja ya kiowevu hugeuka kuwa takriban lita 250 za gesi, na gesi hiyo ikifika kiasi cha asilimia mbili tu ya hewa huweza kushika moto.

Kwa hivyo, tundu moja la hewa halitoshi. Panahitajika tundu la chini, karibu na sakafu, la kuitoa gesi iliyovuja na kuingiza hewa safi, na jingine la juu, karibu na dari, la kutoa hewa moto iliyochoka. Matundu hayo hayapaswi kuzibwa, hasa usiku wa baridi.

Aina tatu za hita

Zikipangwa kulingana na hewa, hita za gesi ni za aina tatu.

Ya kwanza haina bomba la moshi. Huchukua hewa ya chumbani na kuyaacha mabaki yote ya mwako humo humo. Wauzaji husema kwamba ufanisi wake ni karibu asilimia 100, kwa kuwa hakuna joto linalotoka nje. Ni kweli kwa hesabu ya karatasi. Lakini katika chumba chetu cha mfano, ili kaboni dioksidi isizidi nusu ya asilimia moja, hewa yote inapaswa kubadilishwa takriban mara mbili kila saa, nayo hutoka na sehemu ya joto ulilolinunua. Hita ya aina hii inafaa sebuleni, watu wakiwa macho na dirisha likiwa wazi kidogo. Haifai kabisa mahali pa kulala.

Ya pili huchukua hewa ya chumbani lakini hutoa mabaki nje kupitia dohani. Hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 hivi ya joto, lakini hewa ya ndani hubaki safi zaidi. Hatari yake ni dohani kuzibwa na kiota cha ndege, au upepo kuurudisha moshi ndani.

Ya tatu ndiyo salama kuliko zote. Moto wake umefungiwa ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, na kisanduku hicho huunganishwa na nje kwa mabomba mawili, moja likiwa ndani ya jingine. Bomba la nje huingiza hewa safi, na la ndani hutoa mabaki. Chumba hupata joto kupitia kuta za kisanduku tu. Hewa anayopumua aliyelala haikutani na moto. Zaidi ya hayo, mabaki yanayotoka huipasha joto hewa inayoingia, hivyo sehemu ya joto ambalo lingepotea huokolewa.

Hita hiyo ni ghali na huhitaji ukuta kutobolewa. Lakini anayetaka joto chumbani mwa kulala usiku kucha hana aina nyingine ya hita ya gesi ya kuitegemea.

Dari kabla ya hita

Ufanisi wa hita hautokani na hita peke yake. Tuirudie ile nyumba yetu ya mfano: kuta za mawe, paa la mabati lisilo na dari, nje nyuzi nane na ndani tunataka nyuzi 18.

Kwa makadirio ya kawaida ya wahandisi, joto linalopotea ni takriban wati 2,300. Karibu nusu yake hupitia kwenye mabati. Ukiweka dari ya mbao au ya ubao laini, upotevu wa jumla hushuka hadi wati 1,700 hivi.

Kwa lugha ya mfukoni, mtungi wa kilo 13 utakaomfaa mwenye nyumba isiyo na dari kwa usiku 18, akiwasha saa nne kila usiku, utamfaa mwenye dari kwa usiku 24. Tena dari hununuliwa mara moja, ilhali gesi hununuliwa kila mwezi.

Namna hita inavyosambaza joto pia ni muhimu. Zipo zinazopasha hewa, na zipo zinazorusha joto moja kwa moja mwilini kama jua la asubuhi. Hizi za pili huwa na vigae vya kauri vyenye matundu madogo mengi. Gesi huungua juu ya uso wa vigae hadi vikawa vyekundu kwa takriban nyuzi 900. Katika nyumba ya mabati isiyo na dari, hewa moto hupanda juu na kutoka, kwa hivyo hita inayorusha joto humfaa zaidi aliyeketi mbele yake. Katika chumba chenye dari kilichojengwa vizuri, ile inayopasha hewa hueneza joto kwa usawa.

Katika aina zote mbili, kidhibiti joto kinachopunguza moto chumba kinapofikia kiwango kinachotakiwa huokoa gesi nyingi kuliko mapambo yoyote ya nje.

Kabla ya kuwasha

Hata hita bora huharibiwa na uwekaji mbaya. Mtungi usimame wima, mbali na moto. Regulata iwe ya shinikizo linalolingana na lile lililoandikwa kwenye hita. Mpira wa gesi uwe mfupi, usipite nyuma ya moto wala chini ya zulia, na ubadilishwe unapoanza kupasuka. Maungio yapimwe kwa povu la sabuni. Kamwe yasipimwe kwa kiberiti. Nguo, mapazia na malazi yakae angalau mita moja kutoka mbele ya hita.

Mtungi wenyewe ujazwe mahali palipoidhinishwa. Mlipuko uliotokea Embakasi, Nairobi, Februari 2024, wakati lori lililobeba gesi lilipolipuka usiku katikati ya makazi, ulikumbusha taifa jinsi gesi isivyosamehe uzembe. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ndiyo yenye jukumu la kutoa leseni za biashara hiyo, naye mnunuzi ana haki ya kuuliza leseni iko wapi.

Kengele ya kutambua kaboni monoksidi, inayotumia betri, ni rafiki mwema katika nyumba yoyote yenye moto. Pasipo kengele, dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa ghafla, hasa zikiwapata watu kadhaa kwa wakati mmoja na kupungua wanapotoka nje. Zikitokea, zima moto, fungua milango, toka nje na umpeleke mgonjwa hospitalini bila kukawia.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, kwani cheche ya swichi inatosha kuleta maafa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, na uwatoe watu nje.

Kabla hujailipia hita yoyote msimu huu, muulize muuzaji maswali matatu ya mbunifu: hewa itatoka wapi, mabaki ya mwako yatakwenda wapi, na moto ukizimika gesi itafanya nini? Kisha ongeza la nne linalotuhusu sisi wa nyanda za juu: hita hii ilipimwa kwa mwinuko gani? Akishindwa kujibu, iache dukani. Blanketi ya pili ni nafuu kuliko jeneza.